Mwamuzi wa Njia ya Nne

Jeki alikuwa ameshafika ngazi za chini ndipo Bi Hapana alipogundua kwamba ameondoka hadi na mswaki.

Akatoka mbio, taulo kichwani, akaegemea ukingo wa ngazi. "We Jeki! Hebu simama."

Jeki akasimama, mkoba mkubwa begani, akainua uso. Ule uso! Bi Hapana alikuwa mtu mzima, alishaolewa akaachika, alishaapa kwamba hababaishwi tena na sura ya mwanamume. Lakini Jeki akimtazama kutoka chini namna ile, na zile kope za mtoto aliyeamshwa usingizini, viapo vyote vilikwenda na maji.

"Nini tena, mpenzi? Nachelewa kupasha mwili."

"Mbona umebeba mpaka mswaki?"

"Mama anataka nilale nyumbani leo baada ya mashindano. Si unamjua mama."

"Simjui. Hujanipeleka."

"Ah, basi ndiyo yaanze?"

"Na viatu vya zamani? Na lile shati la bluu? Mashati nayo yanashindana?"

Jeki akacheka. "Ndiyo maana naitwa Jeki. Nanyanyua vyote kwa mpigo."

Bi Hapana naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayecheka ili asiulize zaidi. Kisha akashuka ngazi mpaka kwake, akamshika ukosi wa fulana.

"Sikiliza. Sitaki pete. Sitaki sherehe. Leo ukimaliza, ushinde usishinde, unanishika mkono unanipeleka alipokaa mama yako. Unasema, 'Mama, huyu ndiye.' Maneno matatu. Yanakushinda?"

"Hayanishindi."

"Yaseme nisikie."

"Mama, huyu..."

Mlango wa jirani ukafunguka, mpangaji mmoja akatoka na ndoo. Jeki akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mpangaji akapita, akawasalimu, akaenda zake.

"Ndiye," Jeki akamalizia chinichini, akambusu kwenye paji la uso, akashuka.

Bi Hapana akabaki pale mpaka mlio wa viatu ulipopotea. Moyo ulimwambia kitu. Akauambia unyamaze.

Hawa watu walipendana juu ya mfuko uliochanika. Bi Hapana alikuwa fundi cherehani, lakini hakushona magauni. Alishona mifuko ya mchanga ya mazoezi, ile ya turubai nzito yenye vishikio, ambayo majimu yote ya mji ule yaliinunua kwake. Jeki, fundi wa magari katika gereji ya mjomba wake, alifika siku moja na mfuko uliochanika tumboni, mchanga umemjaa hadi masikioni.

"Mama, mfuko wako feki."

Bi Hapana akaugeuza, akautazama upande wa chini. "Umeuburuta. Mfuko wangu hauburutwi, unabebwa. Na usiniite mama, sijakuzaa."

Wakaanzia hapo.

Jina la Bi Hapana lilitoka kwenye uamuzi. Mwishoni mwa wiki alikuwa mwamuzi wa mashindano ya mazoezi, yale ambayo mtu anakimbia, anasukuma kitoroli cha chuma kisicho na magurudumu, anapiga makasia kwenye mashine, anabeba mfuko wa mchanga, kisha anamalizia na mpira mzito ukutani. Uzuri wa mashindano yale, na ukatili wake, ni kwamba yanafanana kila mahali. Uzito uleule, umbali uleule, mstari uleule ukutani, uwe hapa au ng'ambo ya bahari. Mpira wa ukutani una sheria mbili tu: uchuchumae mpaka nyonga iwe chini ya goti, kisha uurushe uguse mstari. Ukikosa moja, mwamuzi anasema "Hapana," na ule mpira hauhesabiwi. Unarudia. Hakuna aliyesema neno lile kwa ukavu kama yeye. Watu wazima walitoka uwanjani wakilia kwa sababu ya neno lile.

Ila kwa Jeki tu hakulisema. Walipofanya mazoezi wawili, jimu ikiwa tupu, Jeki alichoka, na akichoka nyonga zake zilianza kukwama juu kidogo ya goti. Bi Hapana aliona. Alisema, "Shuka kidogo, baba," halafu akahesabu. Jeki hakushuka, na yeye akahesabu tena. Hesabu za huruma, ndivyo wanavyoziita watu wa jimu. Mapenzi yana namna nyingi za kumharibu mtu, na hii ni mojawapo: miguu ya Jeki ilizoea kwamba pale inapokwama ndipo chini.

Siku ile ya mswaki, ukumbi wa maonyesho ulijaa mapema. Njia sita zilichorwa sakafuni kwa utepe mweupe, kila njia na mwamuzi wake, na waamuzi walipangwa kwa kura asubuhi ileile. Bi Hapana aliokota namba nne. Alipotazama ubao akaona Jeki naye yuko njia ya nne, hakushtuka. Jambo hilo lilikuwa na dawa yake.

Dawa yenyewe aliitoa mwamuzi mkuu, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Mzee Saa kwa sababu alivaa saa tatu. Kabla ya kipenga alipita njia moja moja, akawasimamisha mshindani na mwamuzi ana kwa ana, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma:

"Kuna damu, kitanda au biashara kati yenu?"

Kila alipofika kwenye neno kitanda watu walicheka. Na kukiwa na chochote, waamuzi walibadilishana njia, basi, hakuna aibu wala adhabu. Asubuhi ile binti mmoja wa njia ya pili alikuwa ameshajibu, "Kitanda, mzee," akafunika uso, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Bi Hapana alikuwa akingojea swali lile kama bibi harusi. Akajiambia: hatasubiri hata mwisho. Atalisema sasa hivi, mbele ya watu wote.

Ndipo alipotazama kwenye uzio wa njia ya nne. Pale alisimama mama yake Jeki, mwalimu mkuu mstaafu, miwani imening'inia kifuani. Alimjua kwa picha. Pembeni yake msichana mzuri, mwembamba, amekaa kwenye kiti cha mbele, na mapajani kwake amepakata mkoba mkubwa. Mkoba ule ulioshuka ngazi.

"Ni mfamasia," alisikia mama akimwambia mtu wa jirani, bila kupunguza sauti. "Mtoto wa rafiki yangu. Leo jioni anakuja kwetu na wazazi wake, tupange harusi. Tumeshachelewa, lakini si unajua vijana, walitaka mashindano yapite kwanza."

Bi Hapana akaivuta chini fulana yake ya mistari, ile ya waamuzi.

Mzee Saa akafika. "Njia ya nne. Mshindani, mwangalie mwamuzi wako. Mwamuzi, mwangalie mshindani wako. Kuna damu, kitanda au biashara kati yenu?"

Kicheko kikapita jukwaani. Jeki akamwangalia Bi Hapana. Macho yao yakakaa pamoja, na katika macho yale mlikuwa na kila kitu: cherehani, ngazi, jimu tupu. Kisha Jeki akatazama uzio.

"Hakuna," akasema.

"Sauti, kijana!"

"Hakuna, mzee. Huyu mama namuona leo."

Mama.

Mzee Saa akageuka. "Na wewe, mwamuzi?"

Angeweza kusema. Neno moja tu, na angepelekwa njia nyingine, na Jeki angepata mwamuzi mwenye macho ya kawaida. Alifungua kinywa, akamwona Jeki anamtikisia kichwa kidogo sana, kwa woga, kama mtu anayemfukuza kuku asiingie sebuleni.

"Kama yeye hanijui, mzee, mimi nitamjulia wapi?"

"Kazi iendelee."

Mzee Saa alipohamia njia ya tano, Jeki akanong'ona bila kusogeza midomo. "Mpenzi, nitakueleza. Haukuwa wakati wake."

"Rudi nyuma ya mstari, mshindani."

"Usifanye hivyo."

"Nyuma ya mstari."

Kipenga kikalia.

Jeki alikuwa moto siku ile. Alikimbia kama anayefukuzwa, akasukuma kitoroli mpaka zulia la njia likatoa harufu ya kuungua, akashuka kwenye makasia akiwa wa kwanza. Mfuko wa mchanga, mmoja wa ile aliyoshona Bi Hapana mwenyewe, aliubeba begani bila kuutua hata mara moja. Nyuma yake alikuwa mtu mmoja tu, mpishi wa hoteli mwenye mapaja kama magogo, njia ya sita, na alikuwa mbali.

Washindi wawili wa kwanza walikwenda fainali ng'ambo. Lakini wa kwanza peke yake alipewa na kazi: ukocha katika jimu mpya iliyokuwa inafunguliwa. Kazi ile Jeki alikuwa ameizungumza kitandani kila usiku. Nikiipata simtegemei mjomba tena, nahama nyumbani, simwogopi mtu. Hata Bi Hapana alikuwa akiiombea.

Jeki akafika ukutani, akaokota mpira. Mia moja, halafu basi.

Za mwanzo alishuka vizuri, na Bi Hapana akahesabu kwa sauti iliyonyooka. Katikati pumzi ikaanza kukata. Nyonga zikakwama palepale pa siku zote.

"Hapana."

Jeki akarusha tena.

"Hapana."

"Nimeshuka!"

"Hujashuka."

"Si ndiyo hivihivi siku zote!"

"Siku zipi? Si umeniona leo?"

Jeki akarusha. "Hapana." Akarusha. "Hapana." Uzio ukaanza kuchemka.

"Huyo mwanamke ana nini?" mama alipiga kelele. "Refa! Huyo mama ana chuki na mwanangu!"

"Mama, tulia," mfamasia alisema. "Kweli hashuki."

"Wewe unajua nini?"

"Naona, mama. Hafiki."

Bi Hapana alijua kwamba ile nyonga iliyokwama ni kazi ya mikono yake. Yeye ndiye aliyeifundisha kukwama, jioni baada ya jioni, kwa kusema moja, mbili, vizuri baba, tatu. Alilijua, na kulijua hakukumzuia. Kila alipotamka lile neno alisikia utamu mchungu mdomoni, na akataka zaidi.

Mpishi akafika ukutani. Akaanza, taratibu, akishuka mpaka chini kama anayekaa kwenye kigoda.

"Mpenzi," Jeki alinong'ona, jasho linamwagika machoni. "Nihurumie."

"Nilishakuhurumia sana. Ndiyo tatizo lako."

Jeki akashuka zaidi. Akahesabiwa. Akajikaza, machozi na jasho pamoja, mpaka ukabaki mmoja, na mpishi naye umebaki mmoja. Ukumbi ukasimama. Jeki akavuta pumzi, akashuka, akashuka kabisa, kina ambacho hajawahi kukifikia maishani mwake, nyonga chini ya goti bila ubishi, kisha akapaa, na mpira ukagusa mstari, tena juu yake.

Ulikuwa mpira mzuri. Bi Hapana hakuwahi kuona mzuri kama ule.

"Hapana," akasema.

Jeki akamkodolea macho. Katika ule muda wa kukodoa, mpishi akarusha wake, na kipenga cha njia ya sita kikalia.

Nyuma ya jukwaa, kati ya mapipa ya maji na vitoroli vilivyopangwa, Jeki alimkuta anakunywa maji kwa utulivu.

"Ule wa mwisho ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri," Bi Hapana akasema.

"Unakiri?"

"Nakwambia wewe. Nani mwingine atajua? Mimi ni mama tu uliyeniona leo, sina sababu ya kukuonea. Ukitaka kwenda kulalamika, utamwambia Mzee Saa nina kisa gani na wewe?"

Jeki akashika ukingo wa pipa la maji. "Nilikuwa naogopa. Mama ana moyo dhaifu. Ningemwambia polepole."

"Baada ya jioni, wazazi wa mfamasia wakishaondoka?"

"Umejuaje?"

"Mama yako ana sauti ya darasani. Jeki, hivi ule mswaki ulikuwa unauhamishia wapi?"

Jeki akainamisha kichwa, na kwa dakika ile moja Bi Hapana alitaka kumshika. Mkono ulishaanza kwenda. Kama Jeki angebaki ameinama, kama angesema nisamehe tu, mimi naamini hadithi hii ingekuwa nyingine.

Lakini Jeki aliinua kichwa, na hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaitazama ile kazi ya ukocha inavyoondoka.

"Mzee Saa!" akapaza sauti. "Mzee Saa, njoo hapa! Njooni wote!"

Mzee Saa akaja. Mama akaja nyuma yake, na mfamasia na mkoba. Waamuzi wengine wakasogea. Jeki akamshika Bi Hapana mkono, akauinua juu kama mtu aliyekamata mwizi.

"Huyu ni mwanamke wangu!" akasema, sauti imepasuka. "Mnasikia? Nalala kwake. Ananipikia, ananifulia, mwaka mzima! Nimemkasirisha ndiyo maana amenionea. Mama, huyu ndiye! Huyu ndiye aliyeniharibia!"

Maneno matatu yalikuwemo. Bi Hapana aliyasikia, yametimia, kwa sauti kubwa, mbele ya mama, mkono wake mkononi mwa Jeki. Akaona ajabu kwamba mtu anaweza kupewa alichoomba na kikamuua.

Mama alivaa miwani, akamtazama juu mpaka chini. "Huyu? Una umri gani wewe?"

"Wa kutosha kuitwa mama na mwanao."

Mzee Saa hakupandisha sauti. "Kijana, nilikuuliza mbele ya watu. Ukasema hakuna."

"Niliogopa, mzee."

"Ulimwogopa nani?"

Jeki akamtazama mama yake.

"Usiniangalie mimi!" mama akafoka. "Mimi nilikutuma udanganye?"

Mzee Saa akamgeukia Bi Hapana. "Mpira wa mwisho?"

"Ulikuwa halali. Ameshuka, umegusa."

"Kwa nini ukaukataa?"

"Nilitaka akose kitu."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Alimpenda Bi Hapana kama binti yake, alimfundisha kazi mwenyewe. "Vua fulana."

Akavua ile fulana ya mistari, akabaki na ya ndani, akaikunja vizuri kama nguo ya mteja, akampa.

"Na wewe, kijana," Mzee Saa aliendelea, "ulikuwa wa pili. Wa pili naye anakwenda fainali. Ungenyamaza ungekwenda. Sasa umekiri uongo wa mstarini, na uongo wa mstarini unafuta matokeo yote. Namba yako naitoa ubaoni."

"Lakini, mzee, nimesema ukweli!"

"Umeusema ulipokufaa. Mkono wa huyo mwanamke uachie."

Jeki alikuwa bado ameushika. Alipouachia zilibaki alama za vidole. Mfamasia alisogea mbele, akaweka mkoba chini kati ya miguu ya Jeki, taratibu, akajipangusa sketi.

"Binti, unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Nyumbani, mama. Nikawaambie wasije."

Akamwangalia Bi Hapana alipokuwa akipita. Hakuwa na hasira. Ilikuwa kama anamsoma, apate kujua. Kisha akaondoka.

Jeki akageuka. "Bi... mpenzi. Sasa hakuna wa kumficha tena. Tunaweza..."

"Hapana," alisema, na safari hii hakulisema kwa ukavu. Sauti ilimtoka imevunjika katikati, akaondoka upesi watu wasiione.

Mpishi alikwenda fainali akatoka wa mwisho katika kundi lake. Kazi ya ukocha aliichukua, akaiacha baada ya muda, akarudi jikoni. Mzee Saa aliendelea na uamuzi mpaka miguu ilipomkataa. Mama yake Jeki hakupona ile aibu. Aliacha kwenda mikutano ya walimu wastaafu na akawa anawaambia watu kwamba mwanawe alilogwa. Jeki alifungiwa kushindana, akarudi gereji kwa mjomba, akanenepa. Alioa mwanamke aliyetafutiwa na mjomba, wakazaa watoto wawili, na hawaongei sana. Alikwenda mara kadhaa pale kwenye ngazi; chumba kilikuwa na mpangaji mwingine. Bi Hapana alihamia mji mwingine na cherehani yake. Anashona mifuko, na inasemekana ni mizuri, lakini hakuolewa na hajaingia tena kwenye ukumbi wa mashindano. Mfamasia aliolewa na mtu mwingine kabisa. Ndiye pekee kati yao wote anayefanya mazoezi mpaka leo.